Amana ya Mzee na Siri ya Benki

Wajibu wa benki kutoa taarifa inaposhuku kuwa mteja mzee ananyang'anywa fedha zake ni wajibu mchanga katika sheria za dunia, lakini swali lililomo ndani yake ni la kale. Mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenzake, akamwona mwenye kitu akidhulumiwa na watu wa nyumbani kwake, anyamaze au aseme? Kiswahili kimelibeba swali hilo ndani ya neno moja. Fedha anayoiweka mteja benki huitwa amana, na amana ndilo neno lile lile la msikitini na kanisani kwa kitu ambacho mtu hukabidhiwa akitunze kwa uaminifu na akirudishe kwa mwenyewe. Benki inayotangaza kuwa ina amana za wateja inakiri kwamba imebeba kitu kizito kuliko tarakimu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Dhuluma ya fedha dhidi yake ni kuchukua mali yake, kuitumia au kumzuilia asiitumie, bila ridhaa yake ya kweli. Uzito wake uko katika mtendaji: mara nyingi ni mtoto, mjukuu, mkwe, jirani anayeaminiwa, wakati mwingine hata kiongozi wa ibada. Mwizi wa mbali huacha mlango uliovunjwa, na mwizi wa namna hii ndiye aliyekabidhiwa ufunguo.

Mkoani Mara sura zake zinajulikana na yeyote aliyewahi kupanga foleni benki siku ambazo pensheni imeingia. Mzee mmoja ametoka Butiama asubuhi, ameshuka stendi ya Musoma, mjukuu wake amemshika mkono. Wanafika dirishani. Karani anasema, "Shikamoo babu," mzee anaitikia marahaba, na karani anauliza anatoa kiasi gani. Jibu linatoka kwa mjukuu kabla babu hajafungua kinywa: yote. Kadi inatolewa kwenye pochi ya mjukuu. Mkono wa babu unatetemeka, sahihi yake haifanani tena na ile ya kwenye faili, kwa hiyo anaombwa dole gumba. Anakandamiza wino, anapewa karatasi ajifute. Noti zinahesabiwa na mjukuu anazipokea. Babu anauliza kama imetoka, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua ya kijiji kingine.

Hakuna kosa lolote la sheria lililoonekana pale dirishani. Huenda mjukuu huyo ndiye anayemnunulia babu dawa ya presha, ndiye anayemwogesha, na fedha yote inaishia kwenye unga, dagaa na nauli ya hospitali. Huenda pia imeishia kwenye bodaboda iliyosajiliwa kwa jina la mjukuu, huku babu akila mlo mmoja kwa siku. Karani ameona dalili tu, na dalili hiyo hiyo inaweza kuwa upendo au wizi. Ugumu wote wa sheria unaanzia hapo.

Sura ya pili ni ya mikopo ambayo watu wameibatiza kausha damu. Mkopeshaji humwachia mstaafu fedha kidogo na kubaki na kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Pensheni inapoingia, mtu anasimama kwenye mashine ya kutolea fedha na furushi la kadi lililofungwa kwa raba, anazichomeka moja baada ya nyingine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 na kanuni zake za 2019 zilikuja kuwaweka wakopeshaji chini ya leseni, lakini furushi la kadi halihitaji ofisi. Kamera ya mashine inamwona mtu huyo vizuri kabisa, ila hakuna aliyeagizwa kutazama.

Sura ya tatu ndiyo pana zaidi, nayo haipiti benki. Bibi wa kijijini Bunda anatumiwa fedha na watoto walioko Mwanza au Dar es Salaam. Simu ni yake, lakini macho hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo humpa mjukuu au wakala simu yenyewe na kumtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya watu. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kibanda cha wakala ndicho benki ya kijiji. Huko ndiko pia matapeli huvizia kwa ule ujumbe wao wa "ile hela itume kwenye namba hii". Sheria inayozitaja benki peke yake, katika mkoa kama Mara, italinda mlango ambao wazee wengi hawaupiti. Na hata wakala akiongezwa, bado kuna ng'ombe wanaouzwa mnadani na kijana aliyesema ametumwa na baba, na shamba linalobadilishwa jina ofisi ya kijiji.

Mfano wa sheria yenyewe unaotajwa mara nyingi ni wa jimbo la California nchini Marekani. Sheria yake ya 2005, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2007, ilimfanya kila mfanyakazi wa benki kuwa mtu anayewajibika kutoa taarifa anapoona muamala unaoashiria kuwa mteja wa miaka 65 au zaidi anadhulumiwa. Anapiga simu mara moja, kisha anaandika ndani ya siku mbili za kazi, kwa idara ya ulinzi wa watu wazima au kwa polisi. Hatakiwi kupeleleza. Asipotoa taarifa, faini ya kufika dola 1,000, au dola 5,000 ikiwa alikusudia kunyamaza, inalipwa na benki na si yeye. Mwaka 2018 ikaja sheria ya nchi nzima ambayo, badala ya kulazimisha, inawakinga wasishitakiwe wafanyakazi waliofunzwa na kutoa taarifa kwa nia njema. Njia hizo mbili, ya kuamuru na ya kukinga, zinatokana na mitazamo miwili juu ya binadamu. Ya kwanza inaona kwamba mtu akiachiwa hiari atageuza uso. Ya pili inaona kwamba wema upo tayari moyoni mwa karani, kilichouzuia ni hofu ya mahakama.

Tanzania ina wajibu wa kutoa taarifa, lakini ulitungwa kwa adui mwingine. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006 inaitaka benki ipeleke taarifa ya muamala wenye shaka kwa kitengo maalumu cha serikali ndani ya saa 24 tangu shaka ilipozaliwa. Sheria hiyo inauliza fedha imetoka wapi. Pensheni ya mzee wa Butiama imetoka Hazina au kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, ni safi kuliko fedha yoyote iliyomo benki siku ile, na inakwenda kwa mjukuu anayejulikana kwa jina. Kengele haiwezi kulia. Zaidi ya hayo, sheria ya fedha haramu inakataza kumdokeza mteja kwamba ametolewa taarifa, na hilo ni sahihi kwa mtakasishaji. Kwa mzee anayeibiwa ni kinyume kabisa, kwa sababu mteja ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua. Anayedhani kuwa kifungu kimoja kikiongezwa katika sheria ya 2006 kitatosha hajatazama sheria hiyo imeelekea wapi.

Kwa watoto, njia ilikwishafunguliwa. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya 2009 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa akijua haki ya mtoto inavunjwa. Kwa wazee wa Bara, sera ya 2003 ilikaa zaidi ya miongo miwili bila sheria mahususi iliyoitekeleza, wakati Zanzibar, iliyoanza kulipa pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70 mwezi Aprili 2016, ilitunga Sheria ya Mambo ya Wazee mwaka 2020. Kifungu cha watoto hakiwezi kunakiliwa na jina tu likabadilishwa, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Pingamizi la kwanza dhidi ya wajibu huu ni siri. Kesi ya Tournier iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1924, ambayo mabenki ya nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza huisoma hadi leo, ilithibitisha kuwa benki ina deni la siri kwa mteja wake, na ikataja milango minne tu ya kuitoa: sheria inapolazimisha, wajibu kwa umma unapodai, maslahi ya benki yenyewe yanapohitaji, na mteja anaporidhia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeuongezea uzio huo nguzo nyingine. Wenye kutetea siri husema kuwa benki ikianza kuchungulia familia za wateja, wazee watarudisha fedha chini ya godoro, na godoro halina hata karani wa kushuku.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau siri ni ya nani. Siri ya benki iliwekwa kwa ajili ya mwenye amana. Inapotumiwa kumficha anayemla, imegeuka ngao ya upande wa pili, na aliyeikabidhiwa hawezi kujitetea kwamba ametunza amana kwa kuwa alitunza ukimya. Mapokeo ya dini zote mbili kubwa za Mara yako wazi kwa hili kuliko sheria. Mambo ya Walawi, mwanzoni mwa sura ya tano, inamhesabia hatia mtu aliyeona au kujua jambo, akaitwa kutoa ushahidi, akanyamaza. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, inazungumzia deni na amana papo hapo, kisha inakataza kuficha ushahidi na kuuita moyo wa mwenye kuficha kuwa wenye dhambi. Ni jambo la kutafakari kwamba katazo hilo limewekwa palepale penye habari za fedha, likifuata aya ndefu ya kuandikiana madeni, ambayo imekwisha kumtaja mtu dhaifu asiyeweza kusema hesabu yake mwenyewe na kuagiza msimamizi wake aiseme kwa uadilifu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na Mara ndipo mahali pake pa kulijadili. Linauliza kama fedha ya mzee ni ya mzee peke yake. Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 nyumbani kwa Chifu Burito wa Wazanaki, aliandika katika kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962 kwamba mzee wa jamii ya zamani aliyeonekana kuwa tajiri hakuwa tajiri kwa nafsi yake. Mali ilikuwa ya watu wake, yeye akiishika kwa kuwa ndiye mkubwa wao, na heshima aliipata kwa umri na utumishi, si kwa mali. Alieleza pia kuwa mzee aliyeonekana kupumzika bila kazi alikuwa amekwisha kuifanya kazi hiyo katika ujana wake. Ng'ombe wa boma hawakuwa na risiti. Walitoka kwa mahari ya mabinti, wakaenda kwa mahari ya vijana, na baba aliyewanyima wanawe ng'ombe wa kuolea ndiye aliyeonekana mkosaji.

Kijana wa Musoma anayechukua pensheni ya babu anaweza kusimama hapo na kusema hajaiba, amekula cha ukoo. Hoja hii haipaswi kudharauliwa, maana wazee wengi wenyewe huiamini. Mama mjane wa Bunda akiulizwa kwa nini anampa mwanawe fedha yote, atajibu kuwa mtoto ni wangu, nimuweke wapi.

Lakini hoja ya Nyerere ikisomwa hadi mwisho inamgeukia kijana huyo. Mali ya pamoja ilikuwa na sharti la kazi ya pamoja na shibe ya pamoja. Mzee aliishika mali ili asiwepo wa kulala njaa katika boma, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutolala njaa. Mahali ambapo babu ana mlo mmoja na mjukuu ana bodaboda, ukoo umekwisha kuvunjwa, na aliyeuvunja hawezi kuushika tena kama hati yake ya umiliki. Pensheni, kwa tabia yake, ndiyo lile pumziko lililolipiwa kwa kazi ya ujanani. Kuila ni kumrudisha mzee shambani.

Injili inalo tukio linaloshabihi jambo hili kwa karibu mno. Katika sura ya saba ya Marko, Yesu anawakemea walimu wa sheria walioruhusu mtu aseme kuwa mali ambayo ingewatunza wazazi wake ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na hivyo akaondokewa na wajibu wa kuwatunza. Kosa alilolitaja ni la kutumia jina tukufu kufunika njaa ya baba na mama. Jina hilo linaweza kuwa sadaka, na kwingine linaweza kuwa ukoo. Kwa Waislamu, hadithi inayotajwa sana kuhusu mtoto na mali yake inampa mzazi haki katika mali ya mtoto, na wanazuoni wengi waliifungia kwenye haja ya mzazi. Haimpi mtoto haki katika mali ya mzazi aliye hai. Mirathi hufunguliwa na mauti. Mwana mpotevu wa Luka aliomba sehemu yake baba angali hai, lakini aliomba, na baba alitoa akijua anachotoa.

Hapo ndipo linapoingia pingamizi la tatu, la hiari. Mzee si mtoto. Kifungu cha watoto kinafaa watoto kwa sababu hakimuulizi mtoto kama anataka kulindwa. Kumfanyia hivyo mtu aliyelea, aliyelima na aliyezika wenzake ni kumvua uzee wenyewe. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1859 juu ya uhuru, alishikilia kuwa mtu mzima asizuiwe kwa ajili ya faida yake mwenyewe, lakini akaacha nafasi ya mtu anayekaribia kuvuka daraja bovu bila kujua: huyo anaweza kushikwa mkono hadi aambiwe. Akishaambiwa, kuvuka ni kwake. Kwa mambo ya benki mfano huo unaruhusu muamala kusimamishwa kwa muda ili mzee aulizwe, na hauruhusu fedha yake kufungiwa asipojibu kama watu wanavyotaka.

Kuuliza kwenyewe si kazi nyepesi. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, kina kisa cha kwanza kujulikana na wengi cha baba mzee kulaghaiwa nyumbani. Isaka macho yamefifia, Yakobo amevikwa ngozi za mbuzi mikononi, na aliyepanga yote ni mke wa Isaka. Mzee anasikia kuwa sauti siyo, anapapasa mikono, mikono inamridhisha, anatoa baraka. Alishuku, na uthibitisho wa mwili ukamshinda. Dole gumba kwenye wino, au kwenye kile kioo kidogo kilichozoeleka tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, linafanya kazi ile ile ya ngozi ya mbuzi. Linathibitisha kuwa mzee yupo dirishani. Kuhusu anachokitaka, halisemi neno.

Na wapo wanaojua na wanaonyamaza. Methali ya zimwi likujualo, kwamba halikuli likakwisha, si maneno ya mapambo kwa bibi asiye na mwingine wa kumletea maji. Amepima: mjukuu anayekula nusu ya fedha na kuchota ndoo mbili ni bora kuliko polisi wanaomchukua mjukuu na kuondoka. Sheria isiyojua hesabu hii itamwokoa bibi fedha na kumwacha na kiu. Katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa kuna hofu nzito zaidi, kwa kuwa ajuza anayegombana na watoto wa familia juu ya mali ameweza kuitwa mchawi, na neno hilo limewahi kuua.

Kwa hiyo wajibu wa kutoa taarifa unakubalika kidini na kifalsafa, ila mpangilio wake ndio unaoamua kama ni ulinzi au dhuluma ya pili. Hatua ya kwanza iwe ni kumkalisha mzee peke yake, mbali na dirisha na mbali na aliyemleta, na kumuuliza kwa lugha anayoiotea ndoto: Kizanaki, Kijita, Kikurya, Kijaluo au Kisukuma, kwa maneno ya mtoto kwa mzee wake na si ya mpelelezi. Maswali ni machache. Fedha hii inakwenda kufanya nini, nani anashika kadi, umekula nini jana. Wakala wa kijijini hana chumba cha pembeni, lakini ana uwezo wa kumwambia bibi amjie mwenyewe jioni, na anastahili kukingwa na sheria kama karani wa mjini.

Taarifa ikitolewa, iende kwanza kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, anayeweza kufika nyumbani akaona chungu na godoro, na si moja kwa moja kituoni. Polisi waitwe pale penye vitisho, kughushi, au mkopeshaji mwenye furushi la kadi. Mabaraza ya wazee yajulishwe kwa ridhaa ya mzee tu, kwa kuwa ndani ya baraza anaweza kuwamo baba wa mtuhumiwa. Karani aliyekosea kwa nia njema asiadhibiwe, na benki iliyowafundisha makarani kutotazama ibebe faini yake. Na mzee mwenye akili timamu akiisha kuelezwa, akasema kuwa fedha ni yake na anampa mjukuu, shaka ya karani inaandikwa kwenye faili pamoja na jibu hilo na tarehe yake, noti zinahesabiwa mbele ya mzee, na zinawekwa mkononi mwake kwanza.